Gari Hupimwa kwa Kiti cha Nyuma

Nimezaliwa Lamu, mtaa wa Langoni, nikakulia mahali ambapo gari lilikuwa kitu cha kwenda kutazamwa, kama vile watu wa bara wanavyokwenda kuitazama bahari. Njia kuu ya mji wetu, Usita wa Mui, ni nyembamba kiasi kwamba punda wawili waliobebeshwa mashogi ya mawe wakikutana, mmoja sharti ajibane ukutani, kwa hivyo hakuna mtoto aliyewahi kuuliza kwa nini mjini hamna magari. Nilipokuwa mdogo gari nililolijua lilikuwa moja tu, Land Rover ya Mkuu wa Wilaya, nalo lilikuwa likipita pwani mbele ya gati, mwendo wa dakika chache kwenda na dakika chache kurudi, dereva wake akiwa ndani ya sare iliyonyooshwa kwa pasi kana kwamba safari ni ya Nairobi. Sisi watoto tulilifuata mbio kwa nyuma, na kusema kweli mara nyingi tulilipita.

Ninaanza na hayo ili msomaji ajue mizani ninayotumia. Hapa Malindi, ambako nimeishi kwa zaidi ya miaka 30 sasa, mazungumzo ya magari hayaishi barazani, na kila anayeyaanzisha huyazungumza kidereva: nguvu za injini, mwendo wa juu kabisa, bei, herufi mpya za namba ya usajili. Mimi sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa abiria, na nadhani wengi wetu tuko hivyo. Maoni yangu, ambayo wenzangu wa barazani wameyacheka mara nyingi na watayacheka tena, ni kwamba mtu pekee anayestahili kuulizwa kama gari ni la kustaajabisha ni yule aliyeketi nyuma. Dereva ana usukani wa kujishikilia, tena huliona shimo kabla hajaliingia na mwili wake ukajiandaa. Abiria wa nyuma hupokea tu, bila ya taarifa, na kile kinachomfikia baada ya kupita katika tairi, springi, fremu na mto wa kiti ndicho hasa mhandisi alichokuwa amekusudia, au alichosahau.

Land Rover ile ya Lamu niliipanda mara moja. Nilikuwa na umri wa miaka minane, nikavunjika mkono kwa kuruka kutoka juu ya gati wakati maji yamekupwa, na Mkuu wa Wilaya wa wakati huo, kwa huruma yake, akaamuru nipelekwe hospitali kwa gari. Nyuma mlikuwa na mabenchi mawili yaliyotazamana, yamefunikwa mto mweusi usiozidi unene wa mkeka uliokunjwa mara mbili, na sakafu ilikuwa bati tupu lililonuka petroli na samaki. Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, alinipakata. Kila tairi lilipopanda jiwe, maumivu yalitoka mkononi yakafika kwenye meno. Daktari alistaajabu kwamba silii, akamwambia ami kuwa mtoto huyu ni shujaa. Ushujaa haukuwapo. Nilikuwa nimeshughulika kuwahesabu watoto wenzangu waliokuwa wakilikimbilia gari ambalo, kwa mara ya kwanza, mimi nilikuwa ndani yake.

Kwa kipimo changu mwenyewe gari hilo linafeli vibaya, na silionei aibu kulifelisha. Abiria anayeketi ubavu, juu ya tairi la nyuma, kwenye springi za vyuma bapa vilivyopangwa moja juu ya nyingine, hana raha yoyote ya kusimulia. Hata hivyo lina jambo moja ambalo mtu wa pwani hawezi kulidharau. Land Rover ya kwanza ilitolewa Uingereza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa bado kinagawiwa kwa kipimo baada ya vita, ndipo kampuni ya Rover ikaamua kuunda bodi kwa aloi ya alumini. Dhiki hiyo ya Waingereza ikawa neema kwetu, maana alumini hailiwi na kutu kama chuma. Fremu ya chini, kwa bahati mbaya, ilibaki ya chuma, na hewa ya chumvi haina haraka. Nimewahi kuonyeshwa Land Rover iliyokaa Ngomeni, karibu na mashamba ya chumvi, ambayo kwa juu ungesema imenunuliwa jana, na kwa chini fremu yake ilikuwa ikimeguka kwa vidole kama mkate wa mofa.

Gari lililonifundisha kwamba kuna raha katika kuchukuliwa lilikuwa Peugeot 504, ile ndefu ya abiria saba, ambayo watu waliiita Pijo na ambayo enzi hizo ndiyo iliyokuwa ikiunganisha miji ya Kenya kwa wenye haraka na nauli kidogo ya ziada. Ilikuwa mwaka 1981. Mimi na mama tulivuka kwa mashua hadi Mokowe, tukapanda basi lililotumia siku nzima kufika Malindi kwa njia ya vumbi, tukalala kwa jamaa, na asubuhi ya pili tukaenda stendi kutafuta usafiri wa Mombasa. Pijo ilikuwa imesimama peke yake chini ya mwembe, nyeupe, mkia juu kama nge, kwa sababu gari hilo likiwa tupu sehemu ya nyuma huinuka. Walipokwisha kuingia abiria tisa, mizigo ikapangwa kwenye karieri na pakacha la maembe likasukumwa miguuni petu, mkia ule ulishuka taratibu mpaka gari likakaa sawasawa kama mashua iliyopata shehena yake. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hivyo ndivyo lilivyokusudiwa: liliundwa likae vizuri likiwa limejaa.

Mimi na mama tulipewa benchi la tatu, la nyuma kabisa. Dereva, mzee mmoja mwenye kofia ya viua na sigara ambayo hakuiwasha tangu Malindi hadi Kilifi, alibadilisha gia kwa kijiti kilichokuwa ubavuni mwa usukani, kwa vidole viwili, huku abiria wa katikati kiti cha mbele akiwa ameketi kwa raha zake kwa kuwa hakuna gia sakafuni ya kumchoma magoti. Tulipoingia msitu wa Arabuko-Sokoke miti ikaanza kupita kama mtu anayefungua kurasa za msahafu kutafuta aya anayoijua ilipo. Mama, ambaye maisha yake yote alikuwa amesafiri kwa mashua na kwa miguu, alimwinamia abiria wa mbele yake ili sauti ifike.

"Polepole baba, huku nyuma kuna mtoto."

"Mama, hii ndiyo polepole yake," dereva akajibu bila ya kugeuka, na kwa mujibu wa gari lile alikuwa akisema kweli.

Ninalolikumbuka zaidi ya mwendo ni namna mashimo yalivyotufikia. Yalifika yamechoka. Ungeyasikia matairi yakitumbukia, mlio wa mbali hivi, kisha kiti kikainuka na kushuka mara moja kwa utulivu, basi. Siku hizo sikuwa na maneno ya kulieleza jambo hilo. Leo najua kwamba Peugeot hiyo ndefu ilikuwa na mita 2.9 kati ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ya mbele na ya nyuma, sentimita 16 zaidi ya ile ya kawaida, na kwamba nyuma yake Wafaransa waliweka springi nne za koili, mbili kila upande, ili iweze kuwa laini ikiwa na watu wachache na isizame ikiwa na wengi. Kadiri ekseli zinavyokuwa mbali, ndivyo gari linavyopunguza kuchezacheza kama ng'alawa katika wimbi fupi, na anayeketi kati ya ekseli hizo ndiye anayefaidi zaidi. Sisi wa benchi la tatu hatukuwa kati ya ekseli, na bado tulifaidi.

Kilifi tuliteremka ili kuvuka kwa feri, maana daraja lilikuwa bado halijajengwa; lilikuja kufunguliwa mwaka 1991. Magari yaliingia kwanza, abiria tukafuata kwa miguu, wauza korosho wakatuzunguka. Nilisimama mbele ya Pijo yetu, maji yakipita pande zote mbili, nikaziangalia taa zake za mbele zilizokatwa pembeni kama macho ya mtu anayejua jambo lakini halisemi. Wakati huo sikujua kwamba sura hiyo ilichorwa Italia, katika karakana ya Pininfarina, wala kwamba gari hilo lilitolewa mara ya kwanza mwaka 1968 na mwaka uliofuata likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya. Nilijua tu kwamba limetushinda sote kwa adabu.

Tuliporudi Lamu, mimi ndiye niliyekuwa mwanachuoni wa magari mtaani. Redioni tulikuwa tukifuatilia mashindano ya Safari Rally kila Pasaka, watoto wa kisiwa kisicho na barabara tukibishana juu ya madaraja na matope ambayo hatujayaona. Kila mtu alitaka kuwa Joginder Singh, Simba wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo na tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, au Shekhar Mehta ambaye tangu 1979 hakuwa akimwachia mtu. Mimi nilishikilia Peugeot. Ile 504 ilikuwa imeshinda Safari mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na Jean-Pierre Nicolas akaishinda tena mwaka 1978 kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya silinda sita, na niliyarudia majina hayo mawili ya Kizungu kwa matamshi ambayo wenyewe wasingeyatambua.

Ami yangu aliyenipakata katika Land Rover alihamia Malindi akafungua gereji, na nilipomaliza shule nikamfuata. Waitaliano walikuwa wamekwisha kujaa mjini wakati huo, na mmoja wao alimletea ami Alfa Romeo Spider, gari dogo jekundu la wazi lisilo na kiti cha nyuma hata cha kuwekea paka. Nalo pia, nilikuja kujua, lilitoka katika mikono ya Pininfarina, mwaka 1966, miaka miwili kabla ya Pijo. Kwa wiki nzima lilikaa gerejini likiwa limefunikwa turubai, na vijana wa mtaa walikuja kwa zamu kuomba kufunuliwa, kama watu wanaokwenda kumtazama bi harusi.

Kabureta zilipokwisha kusafishwa, ami akaniambia nipande twende tukalijaribu. Tulishika Barabara ya Lamu kuelekea daraja la mto Sabaki. Nakiri kwamba dakika kumi zile zilinitikisa imani yangu yote. Unakaa chini sana, kiasi kwamba ukinyoosha mkono nje ya mlango unadhani utaigusa lami. Mbele yako zimekaa saa mbili kubwa za duara, moja ya mwendo na moja ya mizunguko ya injini, na sindano ya pili ilikuwa ikipanda sambamba na sauti, sauti ambayo ilianza kama mtu anayesafisha koo na kuishia kama tarumbeta ya arusi. Upepo wa kusi ulinipokonya kofia, na sikuomba turudi kuiokota. Hapa hakuna abiria wala dereva, nilijiambia, hapa ni watu wawili wanaofanya jambo moja.

Ng'ambo ya daraja ami alifanya kosa la mapenzi: akanipa usukani. Nilikuwa nimejifunza kuendesha kwa pikapu za wateja, magari marefu wa miguu yasiyojali jiwe. Niliiacha lami kidogo ili kumpisha mchunga mbuzi, nikahisi pigo moja chini ya miguu, fupi na kavu, na mita 50 mbele taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi. Sampu ya gari hilo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ni ya alumini, ina mapezi ya kupoza mafuta, na inaning'inia chini kuliko kitu kingine chochote. Jiwe lilikuwa limeipasua. Tulizima injini, tukatazama mstari mweusi wa oili ukinywewa na mchanga, na ami hakusema neno lolote mpaka lori la chumvi kutoka Gongoni liliposimama na kutufunga kamba. Nilikaa katika Alfa Romeo kilomita zote hizo za kurudi mjini, nikishika usukani wa gari linalokokotwa, chumvi ikinidondokea kichwani kila lori lilipopiga breki. Sampu ilikwenda kuchomelewa Mombasa kwa gharama ya ami, na mwenye gari akaambiwa ukweli wote. Aliuchukua vizuri kuliko nilivyostahili.

Tangu siku hiyo naliheshimu gari lile na silitamani. Kama kipimo ni mapigo ya moyo, halina mpinzani katika yote niliyopanda. Lakini limetengenezwa kwa barabara ya mtu mwingine, na anayelileta hapa analazimika kuishi kwa kulikwepeshea mawe.

Watu wa barazani kwangu, wakisikia nikiisifu Pijo, hunitajia Toyota Land Cruiser V8, na ni haki niizungumze kwa uadilifu kwa sababu nimeipanda, tena kwa njia ileile ya utotoni. Jamaa mmoja mwenye uwezo alitupa lifti kwenda mazishini Lamu kwa Land Cruiser ya mfululizo wa 200, injini ya dizeli ya lita 4.5. Siku hizi barabara ya Garsen, Witu hadi Mokowe ni lami. Nilikotumia siku nzima nikimeza vumbi, tulipita kwa muda wa kusikiliza kaseti mbili tatu za mawaidha. Uhandisi wake ni wa kutisha. Baadhi ya matoleo ya gari hilo yana mfumo wa haidroli uliounganishwa na vyuma vya kuzuia gari kulala upande: kwenye lami mfumo wenyewe huvikaza ili bodi ikae wima katika kona, na tairi likitumbukia huvilegeza ili literemke huru. Waliokaa safu ya pili walilala kama watoto wachanga tangu Sabaki.

Mimi, kwa kuwa nilichelewa kufika, niliwekwa safu ya tatu. Viti vyenyewe hukunjwa vikaning'inizwa ubavuni, na vikishushwa vinakaa karibu na sakafu, nayo sakafu iko juu kwa sababu ya ekseli iliyo chini yake, basi magoti yanakuja kifuani. Hivyo nilisafiri hadi Mokowe kwa mkao wa mtu anayetia udhu, ndani ya gari ambalo bei yake ingenunua jahazi na nahodha. Vioo vilikuwa vyeusi na vimefungwa. Nilikuwa nimetarajia kuisikia harufu ya tope la mto Tana tukikaribia Garsen, harufu ambayo zamani ndiyo iliyotuambia tumefika nusu ya njia, nikaisikia manukato ya kadibodi iliyotundikwa kwenye kioo. Tulipoteremka gatini niligundua kwamba sikumbuki kupita Witu.

Niliporudi nilitafuta vipimo. Land Cruiser hiyo ina mita 2.85 kati ya ekseli zake. Pijo ya 1981 inaizidi kwa sentimita tano. Nililipeleka barazani jambo hilo kwa furaha ya mtu aliyepata hati ya shamba, na rafiki yangu mmoja akanijibu kwamba mwaka 1981 nilikuwa na miguu ya mtoto wa miaka tisa, na kwamba nikalishwe leo kwenye benchi la tatu la Peugeot pamoja na pakacha la maembe ndipo tuzungumze. Hoja hiyo ina uzito, na sijapata jibu lake kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba mama yangu hakuwa mtoto, naye aliisifu safari ile mpaka alipofariki.

Kuhusu Toyota Probox, ambayo leo ndiyo inayofanya kazi ya Pijo katika njia za Marafa na vijiji vya ndani, sitaandika mengi. Inavumilia, inakula mafuta kidogo, na fundi yeyote anaijua. Iliundwa kubeba mizigo, kiti chake cha nyuma kimenyooka kama ubao wa madrasa, na anayeketishwa butini amekwisha kuhesabiwa kuwa mzigo.

Peugeot 504 iliendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ikapungua barabarani kimyakimya. Mojawapo iliishia nyuma ya gereji ya ami. Bodi iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, injini ikaenda kwa mtu wa pampu ya maji, na kilichobaki ni benchi la tatu, ambalo ami alilitoa mapema akaliweka kwenye baraza ya gereji, chini ya mkwaju. Ngozi yake ya plastiki imepasuka na kushonwa kwa uzi wa matanga. Ukiliketia linashuka kidogo, linasita, kisha linakupokea.

Mwezi uliopita alikuja kijana kutoka Nairobi anayefufua magari ya zamani. Alikuwa ameambiwa habari za benchi hilo, akalikagua chini na juu, akapiga picha springi, kisha akataja bei ambayo mimi nilidhani nimesikia vibaya. Ami, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo na gereji amewaachia wanawe, alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akamwagiza mtoto amletee mgeni kahawa.

"Mwanangu," akamwambia, "ukilichukua, mimi nitakaa wapi?"